Salamu za Kireno za kimtaani: anzia hapa kabla hujavuka Ruvuma

Ukiwa unaongea Kiswahili una bahati moja kubwa ukianza kujifunza Kireno, kusalimia watu unakujua tayari. Sizungumzii maneno, maneno tutayafikia, nazungumzia ile tabia ya kwamba hupiti mbele ya mtu kimya na huanzi kuuliza bei kabla hujasema habari za hapa. Nilivyofika Maputo mara ya kwanza nilikuwa na kitabu kizima cha sarufi kichwani, vitenzi nimekariri, na bado nilikuwa nasimama kwenye duka kama bubu, kwasababu kitabu kilinifundisha kusema mimi ni mwanafunzi na kitabu kiko juu ya meza lakini hakikunifundisha namna vijana wa pale wanavyopeana hi. Kwahiyo huu mwongozo ni wa hicho tu, salamu za kawaida, za mtaani, za kwenye daladala (wao wanaiita chapa, tamka shapa), na nimeuandika nikiwa nafikiria zaidi mtu anayekwenda Msumbiji, maana ndo jirani yetu, ila nitagusia Brazil, Ureno na Angola pale ambapo mambo yanabadilika.

Hatua ya 1: Rekebisha mkazo kwanza, maneno baadae

Najua unataka maneno, subiri kidogo. Kiswahili mkazo wake uko sehemu moja karibu siku zote, silabi ya pili kutoka mwisho, babaNGU hatusemi, tunasema baBAngu na imekwisha. Kireno nacho mara nyingi kinafanya hivyo hivyo ila kuna maneno kibao ambayo mkazo unaangukia silabi ya mwisho, na salamu zimejaa hayo. Olá ni oLA, sio Ola. Até ni aTE. Está ni eshTA. Você ni voSE. Ukiona kale kamstari juu ya herufi ujue hapo ndo pa kukaza, kanakusaidia sana kwahiyo usikapuuze hata ukiwa unaandika. Mfano mzuri unao tayari: wote tumekua tukipiga kelele "aluta kontinyua" kwenye migomo ya shule na chuo, ile ni a luta continua ya Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichozaliwa Dar es Salaam 1962, na maana yake mapambano yanaendelea. Sasa Mmsumbiji anaitamka konti-NU-a, hakuna "nyu" pale. Isemee mara kumi kwa sauti na utaanza kusikia mdundo wa Kireno ulivyo.

Kingine ni pua. Neno bem (vizuri) usilifunge kwa midomo kama "bemu", hapana, sema "bei" kama bei ya mchele af sauti ipitishe puani. Bom (zuri) ni "bo" ya puani, midomo ibaki wazi mwisho. Hapa ndo wengi wetu tunajulikana kuwa wageni, tunaweka m nzito mwishoni au tunaongeza irabu, "bomu dia", na bomu kwetu unajua ni nini.

O ya mwishoni ambayo haina mkazo inasomwa u, kwahiyo tudo ni TUdu na obrigado ni obriGAdu. Nh ni ny yetu ya nyama, basi amanhã (kesho) ni amaNYA ya puani. S ikikaa katikati ya irabu mbili inakuwa z, ndo maana mesa yao inatamkwa sawasawa kabisa na meza yetu, tena sisi ndo tumelichukua kwao, pamoja na bendera, leso, kopo na mvinyo. Kwahiyo usijione unaanza sifuri.

Hatua ya 2: Jifunze jozi moja tu, uitumie wiki nzima

Jozi yenyewe ni hii:

Olá, tudo bem?
Tudo bem. E contigo?

Hii ni mambo-poa ya Kireno. Tudo bem neno kwa neno ni "vyote vizuri", na uzuri wake ni kwamba swali na jibu ni maneno yaleyale, kinachobadilika ni sauti tu, ukiuliza sauti inapanda mwisho, ukijibu inashuka. Mtu akikwambia tudo bem? we mrudishie tudo bem umemaliza, au ukate ubaki na tudo peke yake, inatosha kabisa. E contigo? (i konTIgu) ni "na wewe je", na yeye atajibu também (tamBEI, ya puani), yaani na mimi pia.

Kosa nililoona kwa wanafunzi wengi, na mimi nimelifanya sana, ni kusikia tudo bem? af unaanza kutafuta kichwani maneno ya kueleza kwamba umeamka na kichwa kinauma kidogo ila umekunywa dawa. Hakuna anayesubiri hiyo. Kama vile mtu akikuuliza mambo vipi huanzi kumtajia mambo yako, unasema poa hata kama mambo sio poa, na kama kweli unataka kumweleza shida unaanza na poa kwanza af ndo unashusha. Kireno ni hivyohivyo. Unarudisha mpira, halafu kama kuna stori inakuja baada ya hapo.

Ukitaka kujibu bila kudanganya kuna mais ou menos (maiz o menush), hivyo hivyo tu. Na kuna jibu moja nalipenda sana, na luta. Yaani niko kwenye mapambano, ni tunapambana ya kwetu kabisa, utalisikia Maputo, Luanda mpaka Brazil. Ukimjibu hivyo mtu wa rika lako atakuelewa na atakuona mwenzie. Kule Ureno wao wana cá vamos andando, tunakwenda hivyo hivyo, tunasogea.

Olá inafaa kila nchi na kwa karibu kila mtu. Oi (silabi moja, oi ya haraka) ni ya Brazil zaidi ingawa vijana wa Msumbiji wanaitumia pia. Brazil utasikia tudo bom? badala ya tudo bem?, usibabaike, jibu lolote kati ya hayo mawili linakubalika.

Wiki nzima tumia hiyo jozi tu. Kwa muuza vocha, kwa mlinzi, kwa jirani. Ukiwa huko Dar au Mombasa na huna Mreno wa kuongea nae, jirekodi kwenye simu ujisikilize, utaona mwenyewe ile m ya mwisho inavyokusaliti.

Hatua ya 3: Jua unayemsalimia ni nani

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo sehemu ambayo masomo mengi ya mtandaoni yanapita mbio, na sisi tuliolelewa na shikamoo tunapaswa kuielewa haraka kuliko Mzungu.

Kireno kina "wewe" zaidi ya moja. Kuna tu, ya rafiki, ndugu, mtoto, mwenzio wa darasani. Kuna você. Na kuna o senhor (bwana) na a senhora (mama, bibi) za heshima. Shida iko kwenye você. Programu nyingi za kujifunzia lugha kwenye simu zinafundisha Kireno cha Brazil, na Brazil você ndo wewe ya kawaida ya kila siku, haina ubaya wowote. Sasa we unaichukua unakuja nayo Maputo, unaenda sokoni kwa mama wa makamo unamwambia você, na uso wake unabadilika. Ilinitokea mimi. Yule mama hakunigombeza, alinyamaza tu, binti aliyekuwa pembeni yake ndo akaniambia kwa upole kwamba mtu mzima hatumwiti hivyo. Msumbiji na Ureno kumwambia mkubwa wako você inaweza kusikika kama umemshusha, kama unavyoweza kumwambia mzee "we" kavu kavu. Nilijisikia vibaya siku nzima, maana heshima nilikuwa nayo moyoni, ulimi ndo haukujua pa kuipitishia.

Sasa ufanyeje? Msumbiji wana njia rahisi, wanafanya kama sisi, wanaitana kindugu. Mwanamke mtu mzima ni mamã (maMA ya puani), mwanaume mtu mzima ni papá (paPA), wa umri wa wajomba na mashangazi ni tio (TIu) na tia, aliyekuzidi kidogo ni mano (kaka) au mana (dada), bibi ni vovó. Unaweka tu hilo neno mwisho wa salamu, Bom dia, mamã. Tudo bem, mano? Na ukitaka kumrudishia swali mtu mzima usiseme e contigo, sema e a mamã? au e o papá?, yaani "na mama je?", unamtaja badala ya kumwambia wewe. Ukishazoea utaona inakuja yenyewe maana hata kwetu tunasema "mama hajambo?" tukiwa tunaongea na mama mwenyewe.

Kwa hiyo "isiyo rasmi" haimaanishi heshima imewekwa pembeni. Tudo bem? unaweza kumpa hata mtu mzima mnayefahamiana, ila inakuja na mamã au tio nyuma yake, na inatanguliwa na bom dia. Como é? na nyingine za vijana nitakazotaja hapo chini usimpe kabisa.

Shikamoo yenyewe haina tafsiri. Kinachokaribia zaidi nilichokijua ni cha Brazil, hasa Nordeste (kaskazini mashariki) na vijijini, mtoto anamwambia mzazi au bibi yake a bênção, wengi wanafupisha bença, yaani naomba baraka, na mkubwa anajibu Deus te abençoe, Mungu akubariki. Ni ya ndani ya familia, usiende kumwambia mtu usiyemjua, lakini ukiisikia utajua ni kitu gani.

Angola mkubwa anaitwa kota kwa heshima, neno la Kikimbundu, na rafiki ni kamba. Brazil utasikia mano pia ila kule ni mshkaji, haina ukubwa ndani yake.

Na maneno mawili ya kuchunga sana: puto, ambayo Ureno, Angola na Msumbiji ni dogo, kijana, na rapariga, ambayo Ureno na Msumbiji ni msichana. Yote mawili Brazil ni matusi. Kama hujui mtu ametoka wapi achana nayo kabisa.

Hatua ya 4: Salamu za saa

Bom dia asubuhi mpaka saa 6 mchana, boa tarde kuanzia hapo mpaka giza linapoingia, boa noite usiku. Ni bom kwa dia kwasababu dia ni la kiume, na boa kwa tarde na noite kwasababu ni ya kike, usijiulize zaidi ya hapo kwa sasa, kariri tu. Mtego uko kwenye boa noite. Sisi "usiku mwema" tunaaga nao, tunaondoka. Wao boa noite ni kusalimia na kuaga pia, kwahiyo ukiingia kwenye mgahawa saa 2 usiku unasema boa noite ukiwa ndo kwanza unafika. Mwanzoni nilikuwa nahisi kama nafukuzwa kila nikiingia mahali. Na Maputo mwezi wa 6 jua linazama kama saa 11 jioni tu, basi boa noite inaanza mapema kuliko ulivyozoea.

Brazil sehemu nyingi di inasikika ji na te ya mwisho inasikika chi, hivyo bom dia ni "bo jia" na boa noite ni "boa noichi". Msumbiji na Ureno d ni d na t ni t, tofauti ni kwamba Lisbon wanameza irabu sana, como estás? (hujambo, u hali gani) inakuwa "komu shtash", wakati Maputo wanaitoa wazi zaidi na sikio la Mswahili linaidaka.

Hatua ya 5: Sasa ingia mtaani

Ukishazoea hayo ndo uongeze hizi, kwa watu wa rika lako tu.

Como é? (komu E), vipi. Msumbiji, Angola na Ureno. Ikifupishwa ni comé? Jibu tá-se bem, kuko poa, mambo yako sawa. Ureno wanapenda pia então?, ambayo ni kama "ee vipi", na tudo fixe? (tudu FISH), mambo safi? E aí? (i aI) na beleza? ni za Brazil, na beleza inajibiwa beleza, mchezo uleule wa kurudisha neno, hata dole gumba juu peke yake ni jibu tosha. Fala! nayo ni ya Brazil, maana yake "ongea!", usiogope ukidhani unaamrishwa, mtu amefurahi kukuona.

Maputo utasikia na maningue, maana yake sana au mengi, limetoka kwenye lugha za kibantu za kusini na we mwenyewe ukilisikia tu utaliunganisha na "mengi" bila kufundishwa.

Usizichanganye. Mtu akikwambia como é? we ukamjibu beleza atakuelewa lakini atajua umejifunzia kwenye tamthilia za Brazil. Sio dhambi, Wamsumbiji wenyewe wanazitazama hizo tamthilia, ila chagua nchi moja uishikilie miezi ya mwanzo ndo ulimi utulie.

Hatua ya 6: Mikono na mashavu

Wanaume wanapeana mikono, wakizoeana wanakumbatiana kwa kupigana mgongoni. Ureno mwanamke na mwanamke, au mwanamke na mwanaume, wanagusanisha mashavu mara mbili, na mijini Msumbiji utakutana nayo pia. Brazil inategemea mji, São Paulo mara moja, Rio mara mbili. Kama hujisikii au dini yako haikuruhusu nyoosha mkono mapema kabla mtu hajakusogelea, weka na tabasamu, hakuna atakayekasirika. Kwa mzee kule kusini mwa Msumbiji shika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto unapompa mkono, kama wengi wetu tunavyofanya nyumbani.

Hatua ya 7: Kuaga

Tchau (chau) inatosha popote. Até logo (aTE LOgu) tutaonana baadae, até já ni narudi sasa hivi, até amanhã tutaonana kesho. Brazil vijana wanaaga kwa falou au valeu, hiyo ya pili ni asante pia. Lakini Msumbiji na Angola jifunze estamos juntos (eshTAmush JUNtush, j iwe laini karibu na sh yenye mngurumo). Maana yake tupo pamoja, na wanaitumia vilevile kabisa tunavyoitumia sisi, mwisho wa maongezi, mwisho wa simu, baada ya mtu kukusaidia. Siku ya kwanza konda wa chapa aliponiambia estamos juntos nikashuka nikiwa najisikia niko Mbagala.

Kushukuru mwanaume unasema obrigado, mwanamke unasema obrigada. Inafuata wewe unayeongea, haijalishi unamshukuru nani.

Hatua ya 8: Kwenye simu

Ukipigiwa Brazil wanaitika alô, Ureno wanasema estou? yaani "nipo?". Kwenye meseji utakutana na td bem (tudo bem), blz (beleza), vlw (valeu), obg (obrigado), bjs (mabusu, ya kirafiki tu, usijenge matumaini), abç (kumbatio) na tmj, ambayo ni tamo junto, ile tupo pamoja kwa lafudhi ya Brazil. Kkkk ni kucheka. Mabusu na makumbatio mwisho wa meseji ni kawaida hata kwa mtu mnayefanya nae kazi.

Hatua ya 9: Unganisha vyote

Jaribu hii kwa sauti, wewe ndo umeingia kwenye kibanda cha mama mmoja saa 3 asubuhi:

Bom dia, mamã. Tudo bem?
Bom dia, meu filho. Tudo bem, graças a Deus. E contigo?
Tudo bem, obrigado.
És de onde?
Sou da Tanzânia.

Meu filho ni mwanangu, ukiwa msichana utaitwa minha filha. És de onde? (ez di ONdi) ni wewe wa wapi. Mkenya sema sou do Quénia (so du KEnya). Angalia yeye amekwambia e contigo kwasababu we ni mtoto kwake, we hukumwambia hivyo. Na ukishataja Tanzania usishangae mtu mzima akikugeuzia Kiswahili, wapo wengi waliokaa kwetu wakati wa vita vya ukombozi kabla ya uhuru wao 1975, na ukipanda kaskazini kule Cabo Delgado ndo kabisa, Wamwani wa pwani lugha yao iko karibu na yetu na Wamakonde wako pande zote mbili za mto Ruvuma. Mpokee kwa Kiswahili, af mwombe mrudi kwenye Kireno ili ujifunze.

Na ukikwama, ukikutana na anayeongea kwa kasi mpaka huelewi alipoanza na alipoishia, sema: Desculpe, mamã, ainda estou a aprender português. Samahani mama, bado najifunza Kireno. Kwa rika lako ni desculpa, na Brazil sema estou aprendendo. Halafu ongeza: devagar, por favor (divaGAR, pur faVOR). Pole pole, tafadhali.

Atapunguza mwendo na ataanza upya, na mara nyingi ataanza na bom dia.